Tundu Asilolitafuta

Wenzake wa maabara walimwita Jicho, maana hakubanduka kwenye hadubini, naye jina hilo lilimvimbisha kichwa. Madaktari wanabahatisha, alikuwa akijigamba, mimi naona.

Asubuhi moja, kwenye hadubini hiyo, aliona damu ya kaka yake aliyekuja kupimwa. Chembe nyekundu zilikuwa ndogo, zimepauka katikati hata zikabaki kama pete. Nyingine zimerefuka, nyembamba kama njiti.

Alikuwa amekwisha kuziona. Miezi sita nyuma kaka, mchomeleaji wa vyuma kwenye majengo marefu, alimjia akihema kama aliyekimbizwa. Uchunguzi wa afya kazini ulikuwa umekaribia, na mwenye upungufu wa damu haruhusiwi kupanda juu. Akamwomba wayamalize kindugu, daktari asijue. Jicho akampima kimyakimya, akampa vidonge vya kuongeza damu. Kipimo kikapanda, kaka akapita, wakacheka wakagongeana viganja. Kaka aliposema choo kimekuwa cheusi kama lami, Jicho alimjibu kwa mbwembwe kwamba hiyo ni rangi ya dawa, mtu mzima asiogope choo chake mwenyewe.

Na yeye ndiye aliyekuwa akiwakaririsha wanagenzi: chembe ndogo zilizopauka, kama ni mwanamke, uliza hedhi na uzazi, kama ni mwanamume mtu mzima, tafuta anapovuja damu. Kwa damu ya ndugu yake alipandisha namba, akaliacha tundu.

Alimkuta kaka kwenye benchi la ukumbini, viganja vimekwajuka kwa kukosa damu, akimtania mkewe kwamba akifa asiolewe na mfupi.

"Vidonge bado unameza?" Jicho aliuliza.

"Niliacha, mdogo wangu. Yapata miezi miwili."

"Na choo?"

"Kilekile, cheusi. Si ulisema ni dawa?"

Jicho akakaa chini. Akamweleza yote bila kupamba: damu inavuja tumboni, lazima daktari ajue leo. Kaka akauliza kama hilo likiandikwa kazi ndiyo basi. Jicho akasema ndiyo, akaenda kuliandika kwa mkono wake.

Wiki iliyofuata daktari aliwaita wote watatu. Uvimbe ulikuwa kwenye mfuko wa chakula, na ulikwisha kutapakaa hadi kwenye ini. Ungepatikana miezi sita nyuma, alisema, pengine wangeuondoa. Kisha akauliza nani alimwanzishia mgonjwa vidonge bila kumchunguza.

Kaka akawahi kujibu kwamba alijinunulia mwenyewe dukani. Shemeji akainamisha kichwa. Mlango ulikuwa wazi kwa Jicho kutoka na heshima yake nzima.

"Ni mimi," alisema. "Kaka anadanganya."

Daktari akaweka kalamu chini.

"Mbishi huyu," kaka akanong'ona, "hata kusaidiwa hajui," akageuza uso ukutani.