Mbwa Ndiye Anayeumwa

Mimi nimechoka, na nianze na hilo ili mtu asije akafikiri nasimulia kwa raha. Nimechoka kuamka, nimechoka kuwasha moto, nimechoka na vumbi la mgodi linalotua kwenye nguo nilizotoka kuanika sasa hivi. Zaidi ya yote nimechoka kuishi na mwanaume asiyeumwa. Mume wangu Ryoba haumwi. Malaria imkamate mpaka kitanda kinacheza, atakwambia ni baridi ya hapa Kerende. Jino lilimvimba, shavu likawa kama andazi, akasema amelalia upande mbaya.

Watu wa huku watakwambia ndivyo mwanaume wa Kikurya alivyo, alisimama mbele ya kisu cha tohara bila kupepesa jicho, ukoo mzima unamtazama. Sawa, nakubali. Hata mimi nilipiga vigelegele siku ile, nikiwa msichana mdogo tu, sijui kama huyo shujaa ndiye nitakayemfulia soksi. Lakini jamani, kisu kile kilimaliza kazi yake asubuhi ileile. Mbona mzee huyu bado amesimama mbele yake mpaka leo, na mvi zote hizo?

Magoti yake yamesagika. Hakuna asiyeona. Msibani, watu wakiinuka kwenda kuzika, yeye anabaki kwenye kiti. Ukimuuliza anasema, "Nawaza." Kanisani mchungaji akisema tusimame, Ryoba anawaza. Asubuhi anakaa ukingoni mwa kitanda, mkono ukutani, anawaza mpaka chai inapoa.

"Mzee, twende zahanati," nilimwambia siku moja.

"Kufanya nini?"

"Magoti."

"Magoti ya nani?"

Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akanijibu kwamba methali ni za watu wasio na kazi. Najua kilichomzuia. Nesi wa zahanati ni binti wa umri wa wajukuu zetu. Ryoba aketi mbele yake, akunje suruali, amwambie binti huyo inaniuma hapa na hapa? Afadhali azikwe akiwa na magoti yake. Na mimi nilikuwa namwona anavyokwisha, nikawa nalia jikoni na kusingizia moshi.

Sasa, tulikuwa na mbwa anaitwa Watasema. Ryoba alimpa jina hilo mwaka tulioezeka nyumba ya bati, majirani wakaanza kunong'ona hela tumetoa wapi. Mbwa alichunga ng'ombe na Ryoba maisha yake yote, wakazeeka pamoja. Mwishowe nyonga za nyuma zikakataa. Akitaka kuinuka anatanguliza mbele, nyuma kunabaki chini, anatazama huku na huku kama mtu aliyedondosha kitu. Bwana mifugo akaandika vidonge vya maumivu. Mbwa akatapika damu.

Nikampigia Esta, kitinda mimba wetu, anayefanya kazi Arusha kwenye kliniki ya wanyama wanaofugwa ndani. Huko paka ana daktari, jamani.

"Shikamoo mama. Vidonge hivyo acha mara moja, tumbo lake halivihimili," akasema. "Kuna kifaa hapa, mama mmoja ametuachia baada ya mbwa wake kufa. Hakina dawa yoyote. Nitakutumia kwa basi."

Kikaja. Duara la waya laini lililofunikwa plastiki, ukubwa wa sahani ya pilau, na kisanduku chenye taa ya kijani. Esta akanielekeza kwa simu, tunaonana uso kwa uso. Unaliweka duara kwenye nyonga, unabonyeza, linatoa mawimbi ya sumaku yasiyoonekana wala kusikika, kisha linajizima lenyewe. Asubuhi na jioni. "Kuna mbwa linawasaidia, kuna mbwa haliwasaidii," akasema. "Usiahidi kitu." Mtoto mkweli, hata biashara hawezi.

Ryoba alisimama pembeni akichunguza.

"Linachoma?"

"Halichomi."

"Linaunguruma?"

"Haliungurumi."

"Basi hiyo siyo dawa," akasema. Kwake yeye dawa lazima iume. Ng'ombe akivimba mguu huku kwetu, watu wanapasha chuma motoni wanamchoma palepale penye uvimbe, na ng'ombe akilia ndipo wanajua dawa imeingia. Tayari alishautia jicho mkuki wake wa zamani kwa ajili ya nyonga za Watasema. Nikauficha chini ya magunia ya mahindi. Jirani yetu Werema naye akapita, akacheka mpaka akashika uzio: "Mama Esta, mbwa wako siku hizi anavaa sahani!" Nikamuuliza yeye mke wake anamvalisha nini, akaenda zake.

Taabu ilikuwa moja. Mbwa hakutaka kutulia. Nikimwekea duara anajikokota kuelekea alipo Ryoba. Nikamrudisha, akajikokota tena. Mgongo wangu nao si wa chuma.

"Mzee, njoo umshikilie mbwa wako!" nikapiga kelele. "Mimi si mtumwa wa mbwa!"

Akaja huku ananung'unika. Nikatandika gunia, akashuka chini kidogokidogo, anawaza njia nzima, akanyoosha miguu. Watasema akalaza kiuno juu ya goti lake la kulia na kushusha pumzi. Nikaweka duara. Kwa jinsi walivyolala, nusu ya duara ilikuwa juu ya mbwa na nusu juu ya Ryoba. Naapa sikupanga. Siku ile sikupanga.

Tukaendelea hivyo, asubuhi na jioni. Mbwa akapata nafuu kidogo, akawa anaweza kufika zizini na kurudi. Halafu jioni moja taa ya kijani ilizimika, na Ryoba akainuka. Akainuka tu! Hakushika ukuta, hakushika bega langu, wala hakuwaza. Nilikuwa napepeta mchele, nikajifanya sijaona. Nusu ya mchele nikaumwaga.

Kuanzia hapo ndiyo nikapanga. Jumatatu namlaza mbwa kulia, Jumanne kushoto, ili magoti yote mawili yapate haki yake. Ryoba anajua nafanya nini? Anajua. Mimi najua kwamba anajua? Ndiyo. Lakini tumekaa kimya kama wezi waliokutana kwenye boma moja.

Na siku moja, duara likiwa linafanya kazi, akaanza kuongea bila kunitazama. Anamkuna mbwa sikio.

"Huyu, usiku ndiyo anaumia zaidi," akasema.

Nikaacha kila kitu nilichokuwa nafanya.

"Eeh?"

"Eeh. Baridi ikiingia. Tena kupanda mlima ni afadhali, kushuka ndiyo balaa. Kama vile kuna mchanga ndani. Mchanga na misumari."

Mbwa huyo alikuwa hajashuka mlima mwaka mzima. Nikamuuliza taratibu, "Na upande gani unamsumbua zaidi?"

"Wa kulia. Wa kushoto anaweza kuuvumilia." Akahamia sikio la pili. "Kuna siku anatamani kulia, lakini mbwa dume hawezi kulia hovyo."

Nikasema, "Maskini." Nikaenda jikoni na safari hii sikusingizia moshi, maana hata moto ulikuwa haujawashwa. Tumezaa wote, tumezika wote, tumefukuza wezi wa ng'ombe usiku pamoja, na ni mara ya kwanza mume wangu ananiambia anaumwa. Tena alipitishia kwa mbwa.

Esta akapiga simu. "Watasema anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri. Jana ameinuka bila kushika ukuta."

"Mama, mbwa anashika ukuta?"

Nikamweleza. Alicheka, halafu nikasikia hacheki tena. Akasema kifaa kile ni cha wanyama, kwa binadamu hawezi kuniambia kinasaidia au hakisaidii; huenda ni kule kukaa chini na kupumzika, huenda ni joto la mbwa. "Mpeleke hospitali, mama, wampige picha." Nikamwambia mwanangu, baba yako unamjua. Utampigaje picha mtu ambaye hana magoti?

Watasema akafa mvua zilipoanza. Hakuteseka, alilala karibu na zizi na hakuamka. Ryoba alichimba kaburi mwenyewe, akakataa Werema asimsaidie. Nilimtazama akichimba, kila jembe likishuka naliona linampanda mpaka usoni, na uso hausemi kitu. Jioni nikatandika gunia palepale. Mazoea.

"La nini hilo?" akauliza.

"Kaa tu, mzee. Unyooshe miguu."

"Kifaa ni cha mbwa. Mbwa amekufa. Mrudishie Esta."

"Baba Esta, hebu mara moja tu muwe na akili, wewe na hicho kiburi chako! Goti linaloumwa ni lako, si la mbwa..."

Nilikosea. Nililisema wazi, goti kwa jina lake, na nikamshika mkono. Akautoa mkono wake, akaniangalia kama mtu niliyemvua nguo sokoni Nyamongo. Usiku ule hakula. Kesho yake hakula. Sikuligusia tena, lakini maji yalishamwagika. Akarudia ukingo wa kitanda na ukuta. Wiki zikaenda na mvua zake na baridi zake, na kuna asubuhi nilimkuta ameshindwa kabisa kuinuka, jasho linamtoka, gumboti moja mguuni na nyingine mkononi.

"Unawaza?" nikamuuliza. Hasira tu, sikuwa na kingine.

"Nawaza," akasema, na sauti yake haikuwepo.

Nilichoka, basi. Kuna kuchoka kwa kulima, ukilala kunaisha. Huku kulikuwa kwingine. Nikasema moyoni, mtu akiamua kuzama na wewe umeshika mkono wake, mwisho na wewe vidole vinaachia. Nikachukua kifaa nikakifunga kwenye boksi lake, nikakizungushia utepe wa gundi, nikaandika jina la Esta na namba yake ya simu. Nikampigia kijana wa bodaboda aje akipeleke Tarime kwenye basi. Ryoba aliniona nafunga. Akachukua fimbo akatoka nje, anakwenda polepole kwa njia ya kwa Werema.

Bodaboda ikachelewa kwa sababu ya tope. Nilikuwa nimekaa mlangoni na boksi mapajani niliposikia mtu anahema. Ni Ryoba, anarudi. Mkono mmoja fimbo, mkono wa pili kamba, na mwisho wa kamba kuna mbwa wa Werema. Mbwa mwenyewe kijana, manyoya yanang'aa, anamvuta mzee huku na kule mpaka namwona anauma meno.

"Huyu mbwa wa Werema," akasema alipofika. "Anaumwa."

Nikamwangalia mbwa. Palepale akamwona jogoo wangu, akachomoka na kamba yake, akaruka beseni la vyombo, akaruka kuni, akamzungusha jogoo uwanja mzima, kisha akarudi ulimi nje, mkia unapiga hewa. Hata kuchechemea hajui.

Ryoba naye alimtazama. Alitazama pia boksi mapajani kwangu, na gundi niliyoizungushia.

"Magoti," akasema.

Ulimi wangu ulikuwa na maneno mengi, Mungu anajua. Maneno ya miaka mingi yalikuwa yamepanga foleni. Nikayameza yote, moja baada ya jingine, na sijawahi kumeza kitu kigumu namna ile.

"Naona kabisa," nikasema. "Hali yake siyo nzuri. Mlete hapa."

Pikipiki ikaingia uani, kijana akauliza mzigo uko wapi. Nikamwambia hakuna mzigo, samahani kwa usumbufu. Nikachana gundi kwa meno. Nikatandika gunia. Ryoba akashuka chini, ikachukua muda wake, nami nikatazama pembeni mpaka alipofika. Mbwa hakutaka hata kulala, ilibidi nimkalishe kwa nguvu na kumpa kipande cha ugali. Goti la Ryoba lilikuwa limeshatangulia kwenye duara.

Nikabonyeza. Taa ikawaka.

"Ameanza kuumwa lini?" nikauliza.

Mbwa huyo mwaka juzi alikuwa bado hajazaliwa. Ryoba alimshika shingo asikimbie.

"Miaka mingi," akasema. "Basi tu, hakutaka kukusumbua."

Nikainama, nikamshika mbwa kichwa, nikamwambia, "Pole sana, baba."

"Asante," akaitikia Ryoba.