Betri Namba Moja

Nimeendesha malori maisha yangu yote ya kazi, na sikuwahi kumwachia mtu usukani. Hata siku niliposhikwa na homa safarini nikawa naona barabara mbili, niliegesha pembeni nikalala mpaka ikarudi kuwa moja. Utingo wangu alilijua lile lori kuliko alivyomjua mkewe, lakini mpaka nastaafu aliishia kuosha vioo. Na nikipanda gari la mtu mwingine sipati usingizi hata safari iwe ya kutwa. Nakaa kiti cha mbele, macho kodo, mguu wa kulia unakanyaga breki ambayo haipo. Marehemu mama watoto alikuwa akinicheka mpaka analia.

Sasa nije kwa binti yangu. Huyu ni kitinda mimba, na nilimsomesha mpaka nikawa naogopa kujibizana naye mambo ya hesabu. Akahitimu, akaajiriwa, akaacha kazi, akaenda kuongoza watu wanaozunguka milimani kwa baiskeli za umeme. Baiskeli, jamani. Wenzangu wakiniuliza binti anafanya kazi gani, nilikuwa nakohoa mpaka wanasahau swali. Rafiki yangu mmoja, mkubwa katika ofisi ya bima, akanionea huruma akamtafutia nafasi: meza yake mwenyewe, kiti cha kuzunguka, mshahara kila mwezi mvua inyeshe isinyeshe. Alitaka jibu Jumatatu. Nikampelekea binti habari hizo nikidhani atanirukia shingoni.

Hakunirukia. Aliendelea kumenya kitunguu, kisha akasema, "Baba, Jumamosi twende wote. Upande baiskeli, tukale pale ziwani, uone ninachofanya. Tukimaliza kula uniambie niende ofisini au nibaki. Utakalosema ndilo nitakalofanya."

"Lolote?"

"Lolote. Ila uje kwanza."

Namjua. Akishatoa neno halirudishi, na hilo kalirithi kwangu. Basi nikaenda ile Jumamosi nikiwa na jibu langu tayari. Nilikuwa naenda kula samaki wa bure na kumrudisha mtoto mezani kwake ofisini, basi.

Banda lao lilikuwa safi kuliko gereji yoyote niliyowahi kuingia. Baiskeli zimepangwa mstari, kila moja ina namba ya rangi nyeupe, na betri yake ina namba hiyo hiyo. Nilimkuta anazikagua. Anabonyeza tairi kwa dole gumba, anabana breki, anazungusha gurudumu na kuinamisha sikio. Nimewaona madereva wengi wanaokagua gari ili bosi awaone, na hao huwa wanatupa jicho pembeni. Yeye hakutupa jicho popote. Nililipenda hilo, nikalimeza kimyakimya.

Wageni tulikuwa wanne. Kulikuwa na maharusi wawili waliofunga ndoa juzi tu, hawaachani mikono hata kwa kuvaa helmeti. Kulikuwa na mhasibu mmoja, mtu mnene na mpole, ambaye hakuwa amepanda baiskeli tangu shule ya msingi. Wa nne ni mimi. Nilipewa namba saba. Binti alichukua namba moja.

"Umeme una viwango vinne," alituambia. "Kilimani weka cha kwanza, kikikushinda weka cha pili. Cha nne ni cha dharura. Betri ina mwisho, jamani, itunzeni."

"Na mteremkoni?" nikauliza.

"Mteremkoni unazima, baba."

Nikacheka moyoni. Nizime? Betri ya lori inajilisha yenyewe likiwa linatembea. Injini inazunguka, dinamo inazunguka, chaji inaingia. Hilo nalijua kabla huyu hajazaliwa, na nimebadilisha betri kwenye mvua ya mawe nikiwa na tochi mdomoni. Sikutaka kumwaibisha mbele ya wageni wake. Nikaweka kiwango cha nne kabla hatujatoka getini.

Nisiwe mchoyo wa maneno: kile kitu ni raha. Unakanyaga pedali kidogo tu, na kitu kinakusukuma kwa upole, kama mkono wa mzazi mgongoni mwa mtoto anayejifunza. Kilima ambacho lori langu lingekipanda kwa kulalamika, nilikipanda napiga mluzi. Nilikuwa nawapita wote, nawasubiri kwenye kona huku nimeshika kiuno, halafu nawapita tena.

Katika kusubiri huko ndipo nilipomwona akifanya kazi. Kwanza, hakai mbele. Mimi nilidhani kiongozi anaongoza msafara kwa kutangulia. Yeye alikaa nyuma ya mhasibu, gurudumu lake karibu na la mwenzake, akizungumza naye sauti ya chini. Mhasibu alikuwa anakodolea macho korongo la upande wa kushoto, na baiskeli ikawa inalifuata korongo. "Usilitazame," binti akamwambia. "Tazama ule mti pale mbele. Mti tu." Mtu akanyooka. Kila dereva anajua kwamba gari hufuata macho, ila inatuchukua miaka kulijua, na mimi sikuwahi kumfundisha binti yangu.

Maharusi nao wakaanza kununiana, maana bwana alikuwa anakimbia na bibi anabaki nyuma. Binti hakuwasuluhisha. Alimwomba bibi harusi atangulie "atupimie mwendo," akamweka bwana nyuma yake, na baada ya kona mbili wakawa wanaimba. Mara trekta likawa linakuja mbele yetu; lilikuwa bado halijaonekana, lakini yeye alishanyoosha mkono na sote tukawa mstari mmoja pembeni. Alikuwa ameona vumbi juu ya kichaka. Mimi sikuliona.

Lakini kilichonitoa jasho la moyo ni mteremko mkubwa. Katikati yake alitusimamisha tutazame bonde. Watu wakapiga picha, wakashangaa mashamba yalivyokaa chini kama vitambaa vilivyoanikwa. Mimi peke yangu nilielewa kwamba hatukusimama kwa ajili ya bonde. Alikuwa anapoza breki. Hakutaka kumwambia mhasibu kwamba breki zake zimepata moto, kwa sababu angeganda pale pale. Nilimtazama binti yangu akionyesha watu mto uko wapi, nikasikia fahari inanipanda kooni. Nikakohoa.

Tulipofika chini, ndipo mambo yangu yalipoharibika. Nilishuka mteremko wote na kiwango cha nne ili betri ijae. Kwenye skrini kilikuwa kimebaki kistari kimoja cha chaji, nacho kikawa kinapepesa kama mtu anayesinzia. Mbele yetu kulikuwa na kilima cha mwisho, na nyuma ya kilima ndiko liliko ziwa. Nikakanyaga mara mbili, skrini ikawa nyeusi. Sijui kama mmewahi kuendesha baiskeli ya umeme isiyo na umeme. Ni mzigo wa chuma. Betri ya spea ilikuwa kwenye gari la mpishi, ambalo lilishatangulia ziwani na chakula.

Nikajitia nataka kujisaidia, nikaingia kichakani kufikiri. Nitasema nini? Niliposhindwa kupata la kusema nikatoka, nikamkuta binti amechuchumaa kando ya baiskeli yangu.

"Kuna skrubu ilikuwa imelegea," alisema. "Jaribu kuwasha."

Nikawasha. Vistari karibu vyote.

"Unaona," nikamwambia, kifua mbele. "Imejichaji mteremkoni. Betri ukiipumzisha kidogo, inarudi."

"Naona, baba."

Nikapanda kile kilima bega kwa bega na mhasibu, nikimweleza habari za dinamo tangu mwanzo hadi mwisho. Binti alikuwa nyuma yetu. Kwenye kona nilisikia mtu anahema, nikageuka. Alikuwa amesimama juu ya pedali, shati limemganda mgongoni, jasho linamchuruzika puani. Na bado alikuwa anamwambia mhasibu kwamba anaendelea vizuri sana. Nikawaza: kumbe mwenyewe hana pumzi. Ofisi itamfaa.

Ziwa lilikuwa la kijani, limetulia, limezungukwa na milima pande zote. Mpishi alikuwa ameshatandika meza ndefu ukingoni, kitambaa cheupe kimewekewa mawe kwenye pembe kisipeperuke. Samaki walikuwa wanamalizikia juu ya mkaa. Kulikuwa na viazi vya kuchoma, nyanya na vitunguu, mkate wa moto, birika kubwa la chai. Binti hakukaa. Alitumiminia maji ya kunawa mmoja mmoja. Bibi harusi hali samaki, na mayai yake yalikuwa yanamsubiri bila yeye kufungua mdomo. Mhasibu alisimama ukingoni kwa muda mrefu, kisha akaja kukaa karibu nami, macho mekundu.

"Mzee," akaniambia, "njia nzima nilikuwa nasikia sauti ya huyu dada nyuma yangu. Sikuogopa hata kidogo."

Nilikula samaki mpaka nikabakiza mifupa mitupu. Mpishi alinipa chai, nikamwambia baadaye. Binti akaja akavuta kiti.

"Umeshiba, baba?"

"Nimeshiba."

"Haya, sema."

Nilikuwa nimeona mengi, sikatai. Lakini jibu nilikuwa nalo tangu nyumbani, na mimi si mtu wa kubadili njia katikati ya safari.

"Nenda ofisini," nikasema. "Umefanya vizuri, nimeona. Lakini kilima kidogo tu kilikutoa ulimi. Leo una nguvu, je, miaka kumi ijayo? Kule utakaa."

Alitazama maji. "Sawa, baba," akasema. Kisha akainuka, akaenda kumuuliza bibi harusi kama ataongeza chai. Nilitaka anune. Nilitaka abishane, anikumbushe kitu, atupe hata kijiko. Alikuwa anacheka na wageni vile vile kama mwanzo.

Sasa, nina tabia moja ambayo hata kifo kitanikuta nayo. Siondoi gari kabla ya kulizunguka, hata kama nililiacha kwa kikombe kimoja cha chai. Nikainuka kwenda kuizunguka baiskeli yangu. Tairi nzuri, breki nzuri, mnyororo mzuri. Baiskeli namba saba. Betri namba moja.

Nikasoma tena. Nikaenda kwenye baiskeli ya binti. Baiskeli namba moja, betri namba saba. Nikabonyeza kuwasha, skrini ikabaki nyeusi.

Nikainua ile baiskeli kwa mikono yangu, nikairudisha chini haraka maana kiuno kililia. Huu ndio mzigo alioupandisha kilimani kwa miguu yake, huku anamtuliza mhasibu, huku mimi mbele yake nahubiri dinamo. Skrubu haikulegea popote. Nilikuwa nimemhukumu kwa jasho nililomtoa mimi mwenyewe. Masikio yaliniwaka moto, na nitasema kweli, machozi yalinilenga.

Binti akatokea kwenye gari la mpishi, betri ya spea kwapani, akanikuta nimechuchumaa.

"Betri namba moja inafanya nini kwenye baiskeli yangu?"

"Inakubeba, baba."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mbele ya watu?" Alinitazama kama ninayeuliza kwa nini hakunivua shati. "Leo wewe ni mgeni wangu. Wageni wangu hawashindwi na kilima."

"Ukaniacha niongee habari za dinamo mpaka juu?"

"Mhasibu alizipenda sana," akasema, na hapo akacheka kweli.

Enzi zangu za malori, barabarani tuligawana dizeli, tuligawana maji, tuligawana hata tairi. Lakini kila aliyetoa alihakikisha mwenzake hasahau, na kituo kizima kinapata habari. Mtu wa kukupa nguvu zake zote kisha akuache ujisifu nazo, sikuwahi kukutana naye. Na huyu nilimzaa mimi.

"Lile neno nililosema mezani," nikaanza.

"Baba, ulishasema. Na mimi niliahidi."

"Uliahidi nini hasa? Rudia."

"Kwamba tukimaliza kula, utakalosema ndilo."

"Basi sijamaliza," nikasema. "Bado chai."

Nikarudi mezani. Nikaomba kikombe, mpishi akanijazia. Nilikinywa chote nimesimama, moto hivyo hivyo, maharusi na mhasibu wakinishangaa. Nikakiweka chini.

"Sasa nimemaliza kula," nikamwambia binti yangu mbele yao wote. "Baki."

Alichukua kile kikombe akakishika kwa mikono miwili, mpaka mpishi akamwambia akae chini na yeye ale.

Jioni, baada ya baiskeli kurudi bandani, alinirudisha nyumbani kwa gari dogo la kazini. Njiani nilimpigia rafiki yangu wa bima, nikamwambia ile nafasi ampe mwingine. Akaniuliza, huyo binti anafanya kazi gani hasa? Sikukohoa. Nikamweleza, na nilieleza kwa kirefu mpaka salio likakata.

Mbele yetu ilikuwa ile barabara ya kushuka mlima, kona juu ya kona. Nilikaa kiti cha mbele, nikafunga mkanda. Nakumbuka kona ya kwanza, jinsi alivyopunguza gia mapema.

"Baba," nikasikia. "Baba, tumefika."

Nikafumbua macho. Lilikuwa geti la nyumbani.