Hodi ya Stanmore

Mimi si mtu wa kuogopa ovyo, lakini siku ile, haki ya Mungu, niliogopa.

Nafanya kazi Stanmore, mtaa wa matajiri huku ughaibuni. Namtunza Ba, kama Wahindi wanavyomwita mama, mamake bosi wangu Alkesh, mama aliyezaliwa Kisumu na ambaye Kiswahili chake hunishinda hata mimi Mkamba. Alkesh huonekana kwenye runinga kwa sababu ya maduka yake ya dawa, na tangu jirani avamiwe na wezi, nyumba imegeuka jela. Kamera kila kona. Geti linasoma uso, mlango unataka kidole. Mimi nilipewa sheria moja: usimfungulie mtu kabla ya kumtazama kwenye skrini. Na nilikuwa naifuata, msinione mjinga.

Asubuhi hiyo nilikuwa nasukuma chapati, Ba kando yangu akinikosoa kama kawaida yake. Mara tukasikia mlangoni, "Hodi! Hodi wenyewe!"

Jamani, hodi! Stanmore! Huku watu hubonyeza kengele tu. Ba akainuka kitini kama msichana, akaitikia kwa sauti, "Karibu! Karibu ndani! Mwende, fungua, tuna mgeni!" Mikono ina unga, moyo umejaa furaha ya kijinga, nikafungua. Skrini wala sikuikumbuka.

Akaingia mwanamume mrefu, kofia na barakoa nyeusi, hasemi neno. Akatoa vibandiko vyekundu mfukoni. Kimoja akakibandika kwenye kompyuta ya Alkesh, kingine kwenye sanduku la bangili za Ba. Kisha akamwendea Ba mwenyewe, akambandika kimoja begani.

"Woi! Shindwe!" Nikanyakua kikaango chenye mafuta ya moto. "Mguse tena nikukaange!"

"Dada Mwende, tulia, ni mimi!"

Akavua barakoa. Griffins! Griffins tunayeimba naye kwaya kanisani kule Thornton Heath! Mtu ambaye Jumapili tu alikula pilau yangu na kuongeza!

"Kampuni yetu ya ulinzi imenituma," akasema, macho kwenye viatu vyake. "Bosi wako alitaka nyumba ijaribiwe. Getini nimeingia nyuma ya gari la deliveri. Kila chenye kibandiko chekundu, hesabu kimeibiwa."

Ba akatazama bega lake. "Hata mimi?"

"Hata wewe, mama. Umetekwa."

Nikaketi sakafuni pale pale kwa hasira. Simu ikalia. Alkesh alikuwa ameona yote kwenye kamera. "Mwende, angekuwa mwizi wa kweli, mamangu angekuwa wapi sasa? Maliza wiki hii, kisha utafute kazi kwingine." Kazi hiyo ndiyo inayomweka binti yangu chuoni. Nilimtimua Griffins na chapati hakupata.

Mchana kutwa Ba alikataa nikitoe kile kibandiko.

Jioni Alkesh akarudi, mvua inanyesha. Geti likausoma uso wake, mlango ukakubali kidole chake, lakini haukufunguka. Ba alikuwa amesukuma komeo la chuma, lile la zamani ambalo halina waya wala kompyuta.

"Ba, nifungulie!"

"Nani huyo?"

"Ba, si uangalie skrini?"

"Mtu mwenye adabu hubisha hodi." Ba akausogelea mlango. "Aliyeitikia leo asubuhi ni mimi, si Mwende. Mbona mimi hujanifukuza?"

"Tutaongea ndani, Ba. Ungetekwa!"

"Nilitekwa siku ulipoleta hizi kamera zako, Alkesh. Tangu siku hiyo hakuna aliyenibishia hodi, hata wewe. Leo mtu mmoja amenibishia, kumbe umemlipa."

Mimi nilikuwa nimejiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nani aliwahi kumsemesha Alkesh hivyo?

"Mwende atabaki," Alkesh akasema hatimaye kutoka nje.

"Na?"

"Hodi, Ba." Sauti ndogo kabisa.

"Karibu, mwanangu," Ba akajibu, nami nikakimbilia komeo. Akanishika mkono. "Ngoja wewe! Sheria ni sheria. Angalia skrini kwanza."

Nikaangalia. Bosi wangu alikuwa amelowa chapachapa, paji la uso kwenye mlango wake mwenyewe, analia kama mtoto. Ba akaniuliza ni nani. Nikamwambia ni wa nyumbani, nikavuta komeo.