Mji Aliopewa Bi Zeyana

Barua ya hospitali ya Perth ilifika Jumanne, na Raya akapewa mpaka Ijumaa saa sita mchana awe amejibu: anakuja kufanya kazi Australia, au haji. Mumewe, Talib, dereva wa basi, mtu asiyependa maneno mengi, alisema usukani ni usukani popote ulipo. Mke akisema waende watakwenda, akisema wakae watakaa. Basi Raya akamgeukia mama yake. Nani mwengine wa kumuuliza? Bi Zeyana alikuwa amekaa Perth miaka mitano kwa mwanawe Soud, na hata mwaka ulikuwa haujatimia tangu arudi Ilford, nyumbani kwa Raya, akashika kile chumba cha mbele chenye hita inayogonga kama ina mtu ndani.

Bi Zeyana hakutaka waende. Hilo tulijue mapema, tusije tukamdhania mengine. Yeye Perth alikuwa amekwisha kupaaga, hawezi kurudi tena. Raya na Talib wakiondoka wanaondoka na Ilham, mjukuu wake wa miaka tisa, na yeye anabaki London peke yake na sala zake.

Hakusema uongo. Mama wa watu hana desturi hiyo. Alichofanya ni kuchagua.

Raya akiuliza majumba ya kule, mama hujibu kuwa ni makubwa kweli, lakini kutoka mlangoni mpaka kwenye mkate ni safari ya gari. Hapa akiishiwa na nazi anavaa koti lake, anakwenda mwenyewe Ilford Lane, anarudi na nazi na mchicha na habari za watu. Raya akiuliza jua, mama hutaja nzi, wanavyokukaa usoni kama waliitwa. Akiuliza majirani, huambiwa ni watu wema, wanakupungia mkono kutoka garini. Lakini ni mkono tu, uso wa mtu utauona Krismasi, na Krismasi yenyewe wanaila na kaptula. Kwamba hapa kumpata daktari wa mtaa yataka upige simu saa mbili kamili za asubuhi, ukae unasikilizishwa muziki mpaka chai ipoe, hilo hakuligusa. Raya ni muuguzi, analijua mwenyewe.

Shoga yake Bi Zeyana, Pramila, ndiye aliyemshtukia mwanzo. Pramila ni mzaliwa wa Mombasa, mjane wa Vinod aliyekuwa na duka la vitambaa, na sasa anakaa mtaa wa pili kwenye nyumba za wazee za manispaa. Jumatano alikuja na kachori zake, akasikiliza Australia inavyochambuliwa, nzi, joto, umbali, mpaka akachoka. Akaweka kikombe chini.

"Zeyana," akasema, "weye miaka mitano ile ulikuwa kifungoni?"

Bi Zeyana akacheka, akamwambia ale kachori aache fitina. Lakini usiku ule alichelewa kulala.

Alhamisi ilikuwa siku ya mapumziko ya Raya. Asubuhi akamwambia mama yake kwamba ameshaandika jibu, anakataa. Imebaki kutuma tu, atalituma kesho akiamka na nia ile ile. Bi Zeyana akasema Mungu atie heri, akaingia jikoni akakiosha kikombe kilichokuwa kisafi.

Mvua ikanyesha mchana kutwa, ile mvua ya London isiyo na ngurumo wala haraka. Ilham akarudi skuli na soksi zimelowa, akazivua akaziweka juu ya hita pamoja na nguo nyengine zilizokuwapo tangu juzi, akaja kukaa kwenye zulia mbele ya bibi yake. Alijua saa ile ni yao. Ilham Kiswahili anakisikia chote, hata cha kunong'onezwa, lakini kukijibu ndiyo kazi. Yeye hujibu kwa Kiingereza, na bibi naye haoni taabu. Neno moja tu hulisema kwa Kiswahili bila kukosea.

"Kitendawili," akasema Bi Zeyana.

"Tega."

"Wageni wangu wameegemea ukutani wanaota moto, na hakuna anayezungumza na mwenziwe."

Ilham akatazama huku na huku, akazionesha nguo juu ya hita. Akapata. Bibi akamtega cha pili, mzee mwekundu aliyeshiba watu na bado anapakia wengine, na mtoto akasema ni basi la baba hata kabla hajamaliza. Hapo Bi Zeyana akajiweka vizuri kitini. Hawezi kushindwa na mtoto mara tatu.

"Nina nyumba, mlango wake hauna kitasa. Naingia kila siku, na sijawahi hata mara moja kujiona naingia."

Ilham akafikiri. Akasema milango ya supamaketi, ile inayojifungua yenyewe. Bibi akasema wapi. Akasema lifti. Wapi. Akasema gereji ya mjomba Soud aliyoiona kwenye simu. Bibi akatikisa kichwa. Mtoto akajitupa chali kwenye zulia akainua mikono.

"Basi nipe mji," akasema Bi Zeyana.

Huo ndio utaratibu, na Ilham aliujua. Ukishindwa kitendawili unamlipa aliyekutega mji, na yeye akiridhika nao anausafiri, kisha ndipo anakupa jibu. Ilham akampa Birmingham. Bibi akasema Birmingham amekwenda mara mbili, na mara zote mbili amenyeshewa, hautaki. Akampa Paris. Bibi akasema Paris hana mtu, nani atampokea? Mtoto akasema kwa Kiingereza chake kwamba basi anampa Perth, kwa kuwa hana mji mwengine ulio mbali zaidi, na huo ndio wa mwisho.

Bi Zeyana akaupima mji huo. Kukataa mara tatu ni uroho, watu wa kwao wangemcheka. Na mji ukishapewa una haki zake. Mkunazini, Unguja, alikokulia, katika ule uwanja walipokuwa wakikusanyika watoto wa nyumba zote za pale, ukipewa mji lazima useme ulivyokwenda, ulivyopokewa, ulichokula na ulichokiona, na huna ruhusa ya kuutia kasoro. Mwenye kuusengenya mji aliopewa hapewi mwengine, anaambiwa akalale. Bi Zeyana alikuwa amehama Unguja baada ya Mapinduzi, msichana wa miaka kumi na minane, akahamia London na mume, akahamia Australia na ujane wake, akarudi. Katika kuhama kote huko sheria za mchezo ule hakuzivunja.

"Haya, nimeupokea," akasema. "Nilikwenda Perth, nikapokewa uwanja wa ndege na mjomba wako Soud, na shada la maua utadhani bibi harusi. Nikapewa chumba chenye dirisha la mashariki, nikawa siamshwi na saa, naamshwa na jua. Nikafua mashuka, nikaanika uani. Kabla sijafika mwisho wa kamba, lile la mwanzo limekauka, ukilishika lina moto na harufu nzuri. Nikafunga Ramadhani mwezi wa Juni, magharibi ikiingia saa kumi na moja na dakika ishirini. Nyie hapa mwezi huo huo mnakaa na njaa zenu mpaka saa tatu za usiku, mimi nimeshafuturu, nimeshasali, niko kitandani."

Ilham akacheka. Bibi alikuwa amekwisha kufumba macho.

"Nikamwona Soud anarudi kazini saa kumi kasoro robo, jua bado jeupe, anavua viatu, anacheza mpira na wanawe. Kila siku. Babu yako Khelef, Mungu amrehemu, sikumwona kucheza mpira na watoto wake. Alikuwa akitoka wamelala, akirudi wamelala. Na jioni, baada ya joto la kutwa, huja upepo kutoka baharini. Watu wanafungua milango yote, mbele na nyuma, nyumba nzima inapumua. Nikala samaki, nikanenepa. Nikasema, lau ningelikuja huku na umri wa mama yako, pasingekuwa na wa kunitoa. Kisha nikaondoka, nikaja na jibu la kitendawili. Ni usingizi."

Alipofumbua macho, Raya alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo mbichi mikononi. Tangu lini, Bi Zeyana hakujua. Maji yalikuwa yakidondoka kwenye zulia, na Raya hakuyashughulikia.

Ilham akauliza kama kweli kule watu wanafuturu mapema hivyo, na kama baba naye atakuwa akirudi mchana.  Mara Talib akapiga honi nje kumpeleka chuoni akasome Kurani, mtoto akatafuta juzuu yake chini ya mito ya kochi, akavaa soksi zilizokauka nusu, akatoka mbio.

Raya akaliweka beseni juu ya meza.

"Mama, mbona hayo mimi hukunambia?"

"Wewe hukunipa mji," akasema Bi Zeyana. Aliona mwenyewe kuwa mzaha ule hauna miguu. Raya hakucheka.

"Siku tatu nakuuliza. Nimekuuliza asubuhi, nimekuuliza usiku. Nzi, mama. Umenipa nzi."

"Nzi wapo."

"Najua wapo."

Bi Zeyana akatazama mikono yake. Akamwambia mwanawe ukweli, taratibu, kama mtu anayetoa vitu kwenye kasha kimoja kimoja. Kwamba kila alichokisema ni kweli, na alichokinyamazia ni kweli pia, na alikinyamazia kwa sababu hakutaka kubaki peke yake. Basi. Hana sababu nyengine ya kuipamba.

Raya akavuta kiti. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa imeshuka. Akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza Bi Zeyana, hata Soud, kwa sababu kila mtu aliridhika na jibu la kuwa mzee amekumbuka kwake.

"Kama kuzuri hivyo, kwa nini ulirudi?"

 Bi Zeyana akasimulia siku moja ya mwezi wa pili, Soud yuko kazini, mkewe yuko kazini, watoto skuli. Yeye akajiona amechoka kukaa, akavaa baibui lake akatoka kwenda dukani kununua ndimu. Njia pana, safi, miti miwili mitatu, na hakuna binadamu anayetembea isipokuwa yeye. Akatembea kama nusu saa. Gari likasimama, mwanamke wa Kizungu akashuka mbio mbio, akamshika mkono kwa upole, akamuuliza amepotea? Nyumbani kwake wapi? Amesahau? Akampa maji. Akampakia akamrudisha mpaka mlangoni, akamsubirisha kibarazani na kupiga simu huku na huku mpaka Soud akaacha kazi akaja.

"Alikuwa mtu mwema kabisa," akasema Bi Zeyana. "Namwombea mpaka leo. Lakini sikupotea, Raya. Nilikuwa natembea. Tangu siku hiyo mkewe kaka yako akaninunulia ndimu za mwezi mzima, na kila nikitaka kutoka nangoja mtu anibebe, kama sanduku. Hapa nikitoka hakuna anayeniuliza nakwenda wapi. Wananipiga vikumbo tu, na mimi navipenda."

Raya akacheka, na machozi yakamtoka hapo hapo, akayafuta kwa soksi nyengine ya mtoto iliyokuwa juu ya beseni.

"Kwa hivyo kule si kwako," akasema.

"Si kwangu. Kwako huenda kukawa kwako. Wewe unaendesha gari, una kazi, una mtoto mwenye kutaka kumwona baba yake kabla ya giza. Mimi nilikupimia kwa miguu yangu."

"Nikienda utakaa na nani?"

Bi Zeyana akasema zile nyumba za wazee ameziona, ya Pramila ina jiko lenye dirisha, na majina yanaandikwa afisi ya manispaa; atakwenda kuandika lake. Alisema kwa sauti ya kawaida. Raya akamtazama kwa muda mrefu kutafuta pahali sauti ile ilipovunjika, na kama alipaona hakusema.

Ijumaa asubuhi Raya akalifuta jibu alilolitayarisha, akaandika jengine mbele ya mama yake, akamfasiria neno kwa neno: anakubali, kwa mkataba wa miaka miwili kwanza, na anaomba kuanza baada ya mwezi wa tatu. Saa tano na nusu akalituma. Hakuna kilichotokea. Jirani wa upande wa pili wa ukuta alikuwa akikohoa kama kawaida yake, na mvua ilikuwa imekatika.

Raya akaja akakaa chini, kwenye zulia, mgongo wake ukiegemea miguu ya mama yake, kitu ambacho hajakifanya tangu alipokuwa mtoto wa kusukwa mikia miwili.

"Haya, nambie sasa," akasema. "Yote. Usichague."

Bi Zeyana akamwambia. Akamwambia wapi watapata nyama ya halali na ni dakika ngapi kwa gari, mwezi gani ununue feni kabla hazijaisha madukani, jirani yupi wa Soud wa kuazima ngazi na yupi wa kuamkiwa tu. Akamwambia makaburi ya Waislamu yako upande gani, kwa sababu hilo nalo mtu hulijua. Ilipokaribia adhuhuri akakumbuka jambo jengine, akamgusa bega.

"Na mwezi wa tisa yupo ndege mmoja, mweusi na mweupe, mkubwa kama kunguru. Anawashukia watu vichwani wakipita chini ya mti wake. Ilham asimrushie mawe. Hana ubaya yule, anadhani kila mpita njia anakuja kumchukulia makinda. Avae kofia, apite upande wa pili wa njia, na amwamkie kwa mbali."