Kontena Moja Tu

Lorna Stuckey alikuwa jirani yangu hapa Wichita kwa miaka kumi na tisa. Alipoamua kuhamia Duluth, karibu na dada yake, mimi ndiye niliyekaa naye kupiga hesabu. Kampuni ya kuhamisha watu, yenye lori na wapagazi wake, ilimtajia dola elfu saba na mia nne, na hakuwa nazo. Kontena la kukodi, unaloletewa mpaka mlangoni, ukalipakia mwenyewe kisha likabebwa hadi Minnesota, lilikuwa elfu tatu na mia moja hamsini. Kontena la pili lingeongeza elfu moja na mia tisa. Na dereva akija akakuta hujamaliza kupakia, unatozwa mia mbili na hamsini na unasubiri wiki nzima. Lorna aliandika yote hayo nyuma ya bahasha ya bili ya umeme. Ile mia mbili na hamsini akaipigia mistari miwili.

"Kontena moja tu, Glenn," aliniambia. "Kisichoingia kitabaki."

Baba yake, mzee Virgil, alikuwa na miaka themanini na mitatu, na akili ilikuwa imeanza kumpotea. Asubuhi alinijua kwa jina. Mchana aliniuliza nimekuja kutengeneza nini. Hakuelewa kwa nini vitu vyake vilikuwa vinatolewa nje, na vile vyepesi alivirudisha ndani kila tukigeuza mgongo.

Dereva alitarajiwa saa saba mchana. Ilikuwa Julai, na lami ilinata kwenye viatu. Saa sita tulikula mikate ya nyama barazani kwangu, mke wangu Marcy akimwangalia mzee. Tulipomaliza, Marcy alimwona akikata uani kuelekea kwao, akadhani anatufuata sisi. Sisi tukadhani yuko na Marcy.

Kochi la mzee tulikuwa tumeshaliingiza kabla ya kula, na mbele yake tukasimamisha godoro, pembeni pakabaki upenyo. Yalibaki maboksi kumi na moja. Tuliyapanga mbio mbio mpaka juu, nikashusha mlango, Lorna akatia kufuli. Hapo nikasikia kitu kikigonga ndani, mara moja, si kwa nguvu. Nikajiambia ni boksi limeteleza. Lori lilikuwa limeshakunja kona ya mtaa wetu.

Dereva alikuwa mtu mcheshi aitwaye Dwight. Alilinyanyua kontena kwa mashine yake, akalifunga minyororo, akatuambia atapitia Newton kula kabla ya kulipeleka kwenye bohari yao. Akaondoka.

Robo saa baadaye Lorna alikuja kwetu kumchukua baba yake. Marcy alimtazama, akamtazama tena, kisha akaweka chini sahani aliyokuwa anaifuta.

Tulipita vyumba vyote vitupu tukiita. Nilikimbia hadi kwenye mfereji nyuma ya nyumba, nikaogopa kutazama, nikatazama, ulikuwa mkavu. Nikiwa nimesimama pale ndipo ile sauti ya kugonga iliponirudia. Nilirudi kwa Lorna nikamwambia huenda mzee yumo kwenye kontena. Hakuniuliza kwa nini nawaza hivyo. Alikuwa ameshashika ufunguo wa kufuli.

Marcy alibaki kuwapigia polisi. Mimi niliendesha, Lorna akaipigia kampuni. Dada wa kwenye simu alimweleza kwa upole kwamba kontena likiwa njiani halifunguliwi. Linafunguliwa boharini tu, kwa miadi ya siku mbili, na kuna ada yake.

"Dada, nisikilize," Lorna alisema, sauti yake ikiwa chini kabisa. "Baba yangu yumo humo ndani."

Yule dada akasema anamtafuta dereva. Simu ya dereva haikupokelewa. Maili ishirini na tano zile sikumbuki niliziendeshaje. Nakumbuka mikono yangu ikiteleza kwenye usukani, na Lorna akihesabu kwa kunong'ona dakika tangu tufunge mlango: arobaini na mbili, arobaini na tatu.

Lori tulilikuta nyuma ya mkahawa, limeegeshwa juani. Nilipogusa ukuta wa kontena niliungua kiganja. Lorna alipanda, akapiga kelele za "Baba!" na kugonga. Hakujibiwa. Dwight alitoka na leso bado shingoni, akaanza kutueleza kanuni, akauona uso wa Lorna, akapanda kulegeza minyororo iliyouzuia mlango, na Lorna akafungua kufuli.

Tuliyarusha maboksi chini, vyombo vikavunjika. Dwight alilivuta godoro. Mzee Virgil alikuwa amekaa kwenye kochi lake, kidevu kifuani, ngozi nyekundu na kavu, macho nusu wazi. Nilidhani amekufa. Dwight ndiye aliyeweka sikio mdomoni mwake, akasema, "Anapumua huyu. Leteni barafu."

Alilazwa siku tano. Usiku wa kwanza hakuna aliyekuwa na hakika kama ataishi. Asubuhi yake, kwenye korido, nilimweleza Lorna nilichosikia nilipofunga mlango. Nilitaka anitukane.

"Na mimi nilisikia," alisema, akitazama sakafu. "Nikaona lori linakuja."

Hatukulizungumza tena. Kampuni ilimtoza siku za ziada na safari ya pili, hospitali nayo ikaleta bili zake, na Lorna aliuza gari ili asikope. Mwezi Agosti dada yake alishuka kutoka Duluth kuwachukua. Mzee alikaa mbele, kofia kichwani, akanipungia mkono na kunishukuru kwa kumtengenezea mabomba.

Tangu hapo, mtaani wakihama watu, mimi huingia ndani ya nyumba kwanza na kuwahesabu.