Kandambili ya Mama Mlangoni mwa Bibi Nishiwaki

Usiku wa jana ndoto ilinikuta mezani kwa Bibi Nishiwaki, mama mwenye nyumba wangu hapa Japani. Mimi ni profesa, nimetoka Tanzania kuja kuchunguza jinsi Wajapani wanavyoishi majumbani mwao, na ninayoyaona mchana hunifuata usingizini. Lakini haya ya jana, Mungu apishe mbali.

Jioni, kabla ya ndoto, kweli nilikuwa nimekosea. Dada yangu Zaina alipiga simu kutoka Muheza kuniambia Mama kazidiwa, hali chakula, haongei. Kwa kiwewe nikachomeka vijiti vya kulia wima katikati ya wali, nikashika simu. Bibi Nishiwaki akaruka kuvichomoa, uso umemsawijika. Huku vijiti husimamishwa hivyo kwenye wali wa maiti tu.

Ndotoni hakuna wa kuvichomoa. Bakuli la wali linakohoa.

"Chakula cha marehemu kiko tayari," linasema. "Marehemu ni nani?"

"Hakuna marehemu. Nimekosea tu."

"Wali ukishapakuliwa lazima uliwe. Tumeshamwita aliye karibu kuwa marehemu."

Mlango unafunguka. Mama anaingia na kanga yake ya kulalia, anavua kandambili zake za kijani pale mlangoni kama mtu aliyezaliwa Japani. Miaka yote namwomba aje kunitembelea. Leo kaja, nami natamani arudi mbio.

"Mama, usile!"

"Mhina, baba, adabu umeiacha wapi? Chakula cha watu hakikataliwi." Anaonja, anakunja uso. "Ila wali gani huu, hauna nazi wala chumvi?" Anaendelea kula.

Malapa ya ndani, yale ya kutembelea ukumbini, yamejipanga ukutani. Yanainama kwa heshima, yanajikokota mpaka mlangoni, yanazigeuza kandambili za Mama zielekee nje. Nalijua jambo hilo, nimeliandikia makala: mgeni hugeuziwa viatu ili akitoka avae na kwenda zake.

"Akitoka hapo anakwenda wapi?" nauliza.

"Nje," yanajibu malapa.

"Nje wapi?"

"Profesa, swali hilo halina adabu."

Nachungulia. Mtaa haupo. Upo uwanja wa nyumbani kwetu Muheza, turubai limefungwa, akina mama wamekaa kwenye mikeka wamejitanda kanga vichwani. Hakuna anayelia. Wanangoja kuletewa wa kumlilia.

Mama anaweka bakuli chini. "Haya, nimeshiba. Niwaageni."

Naruka, nanyakua kandambili ya kushoto.

"Mgeni hatoki na mguu mmoja peku!" yanalalamika malapa. "Irudishe tafadhali!" Yananifukuza, pa, pa, pa, na ukumbi unazidi kurefuka. Najitosa chooni.

Malapa yanasimama kizingitini papo hapo. Katika nyumba hii, malapa ya ukumbini hayaingii chooni, na ya chooni hayatoki.

"Sisi tunafuata utaratibu," yanasema, sauti inatetemeka kwa hasira.

"Na sisi pia," yanajibu malapa ya chooni, miguuni pangu. "Iweke hapa katikati yetu, mwalimu."

Naiweka. Kwa mbali namsikia Mama: "Mhina! Kandambili yangu iko wapi, we mtoto?"

Nikaamka, simu inalia. Ni Zaina, analia huku anacheka.

"Kaka, Mama kafumbua macho! Kaomba chai! Tena mkali huyo, anagomba, eti nani kamchukulia kandambili yake ya kushoto. Tumetafuta mpaka uvunguni, haipo!"

Nilifungua mdomo nimshukuru Mungu. Hapohapo Bibi Nishiwaki akagonga mlango wa chumba changu.

"Profesa, samahani sana. Nimekuta kandambili ngeni chooni, ya kijani. Kiatu cha nje hakiingii ndani. Nimeifuta, nimekuwekea mlangoni."

"Umeiwekaje?"

"Vizuri tu. Imeelekea nje."

Simuni Zaina akapiga kelele. "Mama, unakwenda wapi? Kaka, anainuka! Mama, lala, jamani!"

Sikumbuki nilivyofika mlangoni. Niliishika ile kandambili kwa mikono miwili, nikaigeuza, ikaelekea ndani. Nikairudisha simu sikioni.

"Kaka," Zaina akasema mwishowe, "amekaa. Anasema hajui alikuwa anataka kwenda wapi."

"Mpe chai," nikamwambia.

Bibi Nishiwaki alikuwa nyuma yangu. Aliitazama ile kandambili kwa masikitiko, maana hapendi kuona kitu kimekaa vibaya. Nikamsihi asiiguse, hata nikiwa kazini, hata nikilala. Akatabasamu, akainama kwa heshima. Akiondoka, macho yake yakairudia ile kandambili.

Tangu hapo nimekaa hapahapa mlangoni, sibanduki.