Gazeti Kabla ya Mkono

Harithi alikuwa mtu wa kusifiwa sauti. Si sauti ya kuimba, ya kusomea gazeti. Tangu enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, basi la Dar es Salaam lilipoingia Dodoma mchana na furushi la magazeti, wafanyabiashara wa mazao wa mtaa ule waliacha mizani zao wakaja kukaa kwenye benchi mbele ya duka lake. Gazeti lenyewe lilikuwa la biashara, la kila siku, tena la Kiingereza, na wengi wao Kiingereza waliishia kukisikia redioni. Harithi alipitisha macho ukurasani, akakohoa kidogo kwa madaha, kisha akawatolea kwa Kiswahili: ushuru, bei, mpaka uliofungwa, mpaka uliofunguliwa. Watu wakaguna. Alipenda sana kuguniwa vile.

Benchi lile lilikuwa na kanuni yake, na aliyeitunga ni Makame, jirani wa duka la pili. Ruksa ilipoanza mambo yaligeuka kila kukicha. Watu waliuziana mzigo asubuhi, mchana gazeti likaja na habari ya kumfilisi mmoja wao, jioni wakawa wanashikana mashati. Makame akachoka kuamulia ugomvi. Akasema kuanzia leo hakuna kupeana mkono juu ya mzigo mpaka gazeti limesomwa, na mkono ukishapeanwa, basi, hata mbingu ianguke harudi mtu nyuma. Hakuna aliyeiandika kanuni hiyo, lakini kulikuwa na watu waliooa, wakazaa, wakaozesha, wasiwahi kuivunja.

Makame na Harithi walikuwa zaidi ya majirani. Babu zao walifika Dodoma na misafara ya biashara, wakajenga, wakaoleana, wakabaki. Makame ndiye aliyemfundisha Harithi kutia mkono ndani ya gunia la alizeti na kujua kama imekauka au imenyeshewa ikaanikwa upya kwa ujanja. Sasa mzee alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na watu aliwatambua kwa salamu zao.

"Msimu huu nikiuza vizuri nakwenda kutolewa huu ukungu," alikuwa akisema. "Nije nilisome mwenyewe hilo gazeti lako, Harithi, nione kama kweli yote unayotuambia yameandikwa."

Benchi zima lilicheka, na Harithi alicheka kuliko wote.

Halafu akaja Shamila, binti wa Harithi, mfanyakazi wa ofisi za Bunge, aliyepanga mtaa wa Kikuyu na ambaye hakuweza kumtembelea baba yake mikono mitupu. Siku hiyo alileta kidude cheusi, chembamba, ukubwa wa kitabu cha shule.

"Shikamoo baba. Nimekuletea gazeti lako."

"Marahaba. Gazeti liko wapi? Mimi naona ubao wa kukatia vitunguu."

"Ni kisomeo, baba. Nimekulipia subscription. Gazeti linaingia lenyewe kila alfajiri, kabla hata basi halijatoka Dar."

Harithi alijifanya hana haja nacho. Wiki haikuisha, akawa akitoka kuswali alfajiri anakwenda moja kwa moja kukaa na kidude chake, kikombe cha kahawa kinapoa pembeni. Alikipeleka kwenye benchi kukionyesha. Makame alikipapasa mbele na nyuma, akakinusa.

"Hakina hata harufu ya wino," alisema, akakirudisha.

Benchi likaendelea kama kawaida, basi likafika, gazeti likasomwa. Tofauti ilikuwa ndani ya Harithi. Habari aliyokuwa akiitoa mchana yeye alikwisha kuijua tangu asubuhi, na kukohoa kwake kukawa kwa kuigiza. Jambo dogo, si dhambi. Lakini mtu akishazoea kujua peke yake, anaanza kuonja utamu wake, na utamu huo Harithi aliuonja kila alfajiri.

Mwaka ule ghala lake lilijaa alizeti ya kutoka Kibakwe hadi mlangoni. Aliinunua kwa bei ya juu, kwa pupa, na Makame alimwonya. Kisha ni Makame huyohuyo aliyekuja kumwokoa: alipata mkamuaji wa mafuta aliyetaka mzigo mkubwa, akasema yeye Makame atayanunua magunia yote kwa Harithi na kumpelekea mwenyewe. Wakazungumza bei wakakubaliana. Ulibaki mkono tu, na mkono ungengoja gazeti la kesho.

Alfajiri ya kesho yake Harithi alifungua kidude akakuta habari ukurasa wa kwanza kabisa. Ushuru wa mafuta ya kula yatokayo nje ulikuwa umepunguzwa, tena sana. Meli ya mafuta ya mawese ilikuwa njiani. Hakuhitaji kuelezwa na mtu maana yake. Mkamuaji yeyote mwenye akili angesimamisha manunuzi siku hiyohiyo, na alizeti ingelala ghalani mpaka panya waichoke.

Alikaa na kidude mapajani. Hakupanga lolote, na hilo ndilo alilojitetea nalo baadaye kila alipojishtaki. Alipofungua duka, Makame alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti.

"Gari la mzigo nimelipata mapema," Makame alisema. "Dereva ananisumbua, anataka aondoke kabla ya jua kali. Na basi ndiyo hivyo, mpaka mchana. Wewe umeshasoma kwenye kidude chako?"

"Nimesoma."

"Kuna neno?"

Barabarani alipita mtu na baiskeli ya mkaa. Harithi alingoja apite, kana kwamba ndiye aliyemzuia kusema.

"Hakuna neno, kaka."

"Basi gazeti limeshasomwa," alisema Makame, akanyosha mkono. Aliunyosha pembeni kidogo ya pale Harithi aliposimama, kwa sababu ya macho yale, na ikabidi Harithi apige hatua aufuate.

Mchana gazeti lilipokuja, Harithi aliruka ukurasa wa kwanza. Akawasomea habari za korosho na za benki mpya. Siku hiyo sauti ilimkauka kooni, watu wakamwambia pole, mafua hayo, vumbi la Dodoma hili.

Mtu pekee aliyejua Kiingereza cha kutosha kumrekebisha, Batholomeo, karani wa halmashauri aliyezoea kula chakula chake cha mchana kwenye benchi lile, alikuwa safari ya kikazi Mpwapwa. Aliporudi akakaa, akavuta gazeti kutoka kwenye yale ya zamani yaliyowekwa ya kufungia sukari.

"Shikamoo mzee Makame. Pole sana na hii ya mafuta ya nje. Alizeti si ndiyo imekufa hivyo?"

Makame hakujibu salamu. Hakuwa amewahi kuiacha shikamoo ya mtu ikining'inia namna ile.

"Hilo gazeti la lini?" aliuliza.

Batholomeo akaisoma tarehe. Ilikuwa siku ya mkono.

Harithi alikuwa mlangoni mwa duka lake, na alitamani Makame apige kelele, amtukane, amrushie ile fimbo. Makame aliinuka taratibu, akaupapasa ukuta kama mgeni wa mtaa, akaenda zake.

Harithi alimfuata nyumbani jioni ileile. Kufika tu akamwona amekaa uani peke yake, na maneno yote aliyoyapanga njiani yakamtoka kichwani.

"Kaka, nimekukosea. Niliogopa. Tuuvunje ule mkono, nirudishie magunia yangu, yaozee kwangu."

"Mkono ulipeanwa gazeti likiwa limesomwa," alisema Makame. "Wewe ndiye uliyelisoma. Kanuni niliitunga mimi, siwezi kuivunja kwa sababu leo imeniuma."

"Na macho yako, kaka?"

"Macho yatangoja msimu mwingine. Nenda kaswali, Harithi, magharibi hiyo."

Mkamuaji aliukataa mzigo, na alizeti ya Makame ikauzwa kidogokidogo, kwa bei ya kutupa. Harithi alimrudishia Shamila kidude chake akamwomba asimamishe malipo ya gazeti.

"Kimeharibika, baba?"

"Hakijaharibika, mwanangu."

Shamila alidhani baba amezeeka, vitu vya kisasa vimemshinda. Akakifunga kwenye mkoba bila kuuliza tena, na Harithi akaona ni afadhali adhaniwe hivyo.

Makame alikaa muda mrefu bila kuonekana kwenye benchi. Kisha mchana mmoja akaja, ameshikwa mkono na Batholomeo, akaketi mahali pake pa siku zote. Akaagiza kahawa. Basi lilikuwa limeshafika.

"Soma, Harithi," alisema, kwa sauti ileile ya zamani.

Moyo wa Harithi ulijaa hata akaogopa kulia mbele za watu. Alisoma. Hakukohoa, hakufanya madaha. Alisoma ukurasa wa kwanza wote, akasoma bei zote, akasoma matangazo ya zabuni na tangazo la mtu aliyepotelewa na hati ya kiwanja. Muda wote huo Makame alikuwa akikoroga kahawa yake, akipuliza, akinywa. Harithi alipofika mwisho alilikunja gazeti vizuri, akasubiri watu wagune.

"Ahsante," alisema Makame. "Sasa mpe Batholomeo naye asome."

Gazeti likapita mbele ya watu wote mpaka likamfikia karani. Batholomeo alilipokea huku akiangalia chini, akalikunjua, akaanza upya tangu ukurasa wa kwanza. Makame akaweka kikombe pembeni, akainamisha kichwa, akaanza kusikiliza.